Libérata Anaachishwa Ziwa

Mukashema alikuwa mlangoni akisukasuka kibuyu cha siagi wakati Libérata alipoacha kukimbiza ndama, akaja, akasimama katikati ya magoti ya mama yake na kulitoa ziwa mwenyewe. Hakuhitaji kupakatwa. Alinyonya amesimama, miguu yake imejaa matope ya zizi, huku akiwatazama wanawake wa kijiji chao cha Kirolirwe waliokuwa wakipita kwenda misheni kuungama. Ilikuwa Jumamosi Kuu ya mwaka 1953, na kesho yake ni Pasaka.

"Mama Libérata," mmoja wao akamtania, "huyu mutoto utamunyonyesha mpaka siku ya ndoa yake?"

"Akipata bwana mwenye ng'ombe, nitaacha," Mukashema akajibu. Wakacheka wote, naye akacheka nao.

Hapakuwa na cha kucheka. Siku alipomzaa Libérata, kitindamimba wake, alichanika vibaya, akamwaga damu hadi mkeka ukatupwa. Edmond, muuguzi wa zahanati ya misheni, ndiye aliyemshona. Alipomaliza alimwita Kanamugire, mume wake, akawaambia wote wawili bila kuficha kwamba mimba nyingine itamuua.

Sasa, wafugaji wa milima ile walikuwa na desturi yao: mtoto akiwa bado ziwani, baba hapaswi kulala na mama, la sivyo maziwa yataharibika. Kwa wengine desturi hiyo ilikwisha mtoto akishajua kutembea. Mukashema aliing'ang'ania. Libérata alimaliza kuota meno, akajifunza Salamu Maria, akawajua ng'ombe wote kwa majina, na bado ananyonya. Mama yake hakuwa na dawa nyingine ya kuzuia mimba. Uhai wake wote ulikuwa kwenye mdomo wa yule mtoto.

Alifunika kibuyu, akamwacha Libérata kwa bibi yake, Mukandori, mama wa Kanamugire, akashuka kwenda misheni.

Padri hakuwa mtu mbaya. Alikesha na wagonjwa, aliwafundisha watoto kusoma, na aliyajua majina ya wakristu wake mlima kwa mlima. Hilo ndilo linaloudhi.

"Unalala na bwana yako?" aliuliza nyuma ya kidirisha, baada ya dhambi ndogondogo kwisha.

"Hapana, Padri. Niko nanyonyesha."

"Ule mutoto mwenye kukimbia nyuma ya ng'ombe?"

"Padri, Edmond alisema nikibeba mimba ingine, nitakufa."

"Edmond anashona vidonda. Uzima iko mu mikono ya Mungu."

"Na kama bwana anatoka mbele ya kumaliza?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na uso ulimwaka kwa aibu.

"Hiyo iko zambi ya kufa. Mu Biblia Mungu aliua muntu juu ya kumwanga mbegu yake chini."

"Basi tukae sawa kaka na dada. Hiyo si zambi, Padri."

"Kama mumekubaliana bote wawili, si zambi. Lakini Kanamugire alikuja kwangu ku baraza. Anasema amechoka, niongee na wewe. Akienda kwa mwanamuke mwingine, ile zambi iko yako."

Mukashema alishika ubao wa kidirisha. Kanamugire, aliyekuwa akimwambia kila alipomwona ana wasiwasi, "Tulia, tutavumilia." Kumbe alikuwa amekwenda kumshtaki.

"Muachishe mutoto ziwa leo," Padri akasema. "Bila vile sikupe maondoleo ya zambi, na kesho utabaki mu kiti wakati benzako wanakwenda kupokea Komunyo."

Aibu ya kubaki kitini angeivumilia. Lakini Mukashema aliamini, na imani ndiyo iliyomfunga. Akifa kwa uzazi, watoto watamlilia na kumzika. Akifa bila maondoleo, ni moto usiozimika. Alisema, "Nitamuachisha," na Padri akambariki kwa sauti ya upole.

Alipotoka alipitia zahanati. Edmond alikuwa anachemsha sindano.

"Kaka Edmond, enda umuambie Padri yale ulituambia."

Edmond alisukuma mlango ukafungika. "Mama, nyumba yenye ninalala iko ya misheni. Mimi, muke wangu Valérie, na batoto. Ile maneno usiseme tena kama ilitoka kwangu." Aliyatazama maji yanayochemka. "Ukibeba mimba, kuja mapema. Nitajaribu."

Nyumbani alimkuta Mukandori ameshatwanga majani machungu, yale ya kutibu minyoo. Kanamugire alikuwa kwenye uzio akifunga kamba ambayo haikuwa imelegea, na hakuinua macho.

"Sisi bote tulipita mule, mukamwana," Mukandori akasema, akampaka matiti yote mawili kwa kidole gumba. Libérata alikuja mbio kama kawaida yake, akavuta, akatema. Akajaribu la pili. Kisha akampiga mama yake ngumi kifuani, akalia mpaka akapewa maziwa ya ng'ombe, akayanywa huku akishikwa na kwikwi.

Jioni Mukashema alikwenda peke yake mtoni, akajisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawaka. Alijionja kwa kidole. Uchungu ulikuwa umetoka. Akarudi, akakaa pale pale mlangoni, akamwita.

Libérata alikuja, akasimama katikati ya magoti, akanusa.

"Nyonya, mama. Kali imeisha."

Mtoto alitikisa kichwa. Alivuta kitenge cha mama yake, akalifunika lile ziwa vizuri, jinsi alivyofundishwa kutogusa vitu vya watu, akaenda kumshika bibi yake mkono.

"Ameacha vizuri sana," Mukandori akasema. "Leo batoto watalala kwangu."

Kanamugire alipita na mkeka wake kwapani, ule aliokuwa akilalia upande wa ndama tangu Libérata azaliwe.

"Umepata maondoleo?" akauliza.

"Nimepata."

"Mungu asifiwe," akasema, na alisema kwa moyo wote, akainama kuingiza mkeka ndani.