Kompoti ya Maembe Mpaka Mwezi wa Kumi

Koo la Clovis lilipoanza kuziba, kitu pekee kilichoshuka bila kumliza kilikuwa kompoti ya maembe. Mkewe, Apollinarie, aliichemsha na sukari kidogo na ndimu, akaiponda mpaka ikalainika, kisha akaigandisha. Baridi ilimtuliza. Clovis aliikwangua taratibu kwa kijiko, akaiacha iyeyuke ulimini huku amefumba macho. Uji na supu alivimeza kwa taabu, kwa sababu lazima mtu ale.

Ilikuwa Desemba, maembe ya mwisho mwisho. Apollinarie aliagiza magunia mawili kutoka Luberizi, akashinda siku tatu nyumbani kwao, mtaa wa Songo, akimenya na kuchemsha. Clovis, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini, alikaa kando yake akiandika tarehe kwenye vikaratasi vya kubandika juu ya vikopo. Mwandiko wake ulikuwa bado mzuri.

“Mama Jolie,” alisema kwa ile sauti ya mkwaruzo iliyokuwa imembakia, “weye unaniwekea miezi yenye miye sina.”

“Andika tu.”

“Mpaka mwezi wa kumi?”

“Mwezi wa kumi maembe mapya yatakuwa yameanza kuiva. Andika, baba Jolie.”

Akaandika. Vikopo arobaini na viwili, kimoja kwa kila Jumapili.

Apollinarie hakuwa mchoyo, lakini sheria hiyo aliishika kwa meno. Kila kikopo kilichobaki aliona ni wiki ambayo mumewe angekuwa hai. Kukifungua kabla ya siku yake ilikuwa kumpunguzia maisha. Umeme ulipokatika, alifunika kongelateri, lile friji la kugandishia, kwa mablanketi, mojawapo alilitoa kitandani kwake.

Alhamisi moja ya Machi, mchana wa joto kali, Clovis alimwita.

“Unipe kimoja leo.”

“Ngoja siku ya Mungu. Zimebaki siku tatu tu.”

“Hata nusu?”

“Tukianza nusu nusu, hatutafika.”

Clovis alimtazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akageukia ukuta. Hakuomba tena. Jumamosi asubuhi alikata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Apollinarie.

Dada yake Clovis, Déborah, alifika kutoka Sange na samaki wa kupikia watu wa kilio. Alifungua kongelateri, akasimama.

“Wifi, hivi vikopo tuviweke wapi? Samaki wataharibika.”

Apollinarie aliinuka kwenye mkeka, akavitoa mwenyewe, vyote thelathini, akavipanga uani juu ya meza.

“Wape watu vijiko,” akamwambia binti yake, Jolie.

“Mama, vya baba?”

“Wape watu vijiko, nimesema.”

Watu wakala. Jua lilikuwa kali na kompoti ilikuwa baridi. Mwanamke mmoja wa kwaya alisema, “Hii ni tamu kweli,” na mwingine akauliza imepikwaje. Apollinarie alieleza kiasi cha sukari na ndimu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Anastase, aliyefundisha pamoja na Clovis tangu ujana, alishika kikopo chake bila kukifungua. Apollinarie akaenda kukaa karibu naye.

“Hauli?”

“Nasoma mwandiko wake.”

“Aliniomba Alhamisi,” Apollinarie akasema. “Hata nusu, aliniambia. Nikamnyima. Vilikuwa thelathini mule ndani, Anastase, nami nikamnyima.”

Anastase alikigeuza kikopo mkononi.

“Siku nilipokuja kumuona alijivuna,” akasema. “Akaniambia, ‘Daktari alinipa majuma machache. Mke wangu amenipa mpaka mwezi wa kumi.’ Alicheka mpaka koo likamuuma.”

“Alicheka?”

“Alicheka sana.”

Apollinarie alijaribu kumwona akicheka. Hakuweza. Alichokiona ni mgongo wake, amegeukia ukuta, mnyenyekevu kama mtoto aliyeambiwa angoje. Basi kilio alichokuwa amekizuia tangu asubuhi kikamtoka, kikubwa, bila maneno, na vijiko vyote pale uani vikasimama.

Déborah na Jolie walimshika mabega, wakampeleka ndani. Nje, kwenye vikopo ambavyo hakuna aliyethubutu kuvimaliza, kompoti iliyeyuka ikawa maji ya manjano.