Baridi Yasingiziwa Mtoto

Usiku wa jana niliota nimefika kazini nimeshakasirika, na sababu nikaikuta hukohuko. Mimi ni muuguzi wa watoto, upande wa dharura, kwetu Tukuyu.

Foleni ilipangwa kwa makelele. Anayelia zaidi aliingia kwanza, na benchi ndilo lililokuwa likiita. Mwisho kabisa alikaa Mama Anyitike, amemfunga mwanawe masweta na vitenge mpaka ikabaki pua.

"Ameharisha tangu juzi, ila sasa ametulia," akasema.

"Ametulia," benchi likathibitisha. "Asubiri."

Neno hilo, "ametulia", nalichukia. Naufunua mkono wa mtoto. Ni wa baridi mpaka kwenye kiwiko.

"Baridi ya Tukuyu hiyo, sista."

Baridi, iliyokuwa imekaa pembeni na koti lake la mvua, ikasimama. "Mimi sijamgusa. Ningempenyaje na masweta yote hayo? Kila mwaka mnanisingizia watoto, nami nanyamaza."

Nabonyeza kucha ya mtoto, kisha naachia nione kama wekundu wa damu utarudi. Rangi imetoka, inavaa viatu, inaondoka. Nahesabu moja, mbili, tatu. Hairudi. Naifuata, naikuta katika shamba la chai. Mama na mtoto wako hapo pia, na benchi.

"Rudi," naiambia.

"Kwa njia ipi? Maji yamemwishia mwilini. Njia imekauka."

Nashika mapigo ya mkononi. Yanakwenda mbio, membamba kama uzi.

"Oksijeni," nayaambia majani ya chai. "Mtieni joto, tafuteni mshipa."

Chupa ya dripu, iliyoning'inia kwenye mchai, ikaniuliza bila haraka, "Ana utapiamlo? Ana upungufu wa damu? Mimi simwagiki ovyo."

"Nimemtazama, hana. Ingia."

"Mshipa haupatikani," majani yakasema.

"Basi pitisheni dripu kwenye mfupa wa mguu! Au mnasubiri alie ndipo mjue anaumwa?"

Nikaamka koo limenikauka kwa kufoka. Kulikuwa kumekucha. Simu ilikuwa sikioni mwangu, ya moto, bado iko hewani; sikukumbuka kuipokea.

"Nimekusikia, dada," alisema Tuntufye, mwenzangu wa zamu ya usiku, taratibu kabisa. "Tumepitia mfupani kama ulivyosema. Mikono imeanza kupata joto."

Nyuma yake mtoto alikuwa akilia kwa hasira, na mama akimbembeleza anyamaze.

"Mwambie amwache alie," nikasema.