Damu Zinazopatana

Vita vikija, kila mtu hukimbia na kile anachokipenda. Jirani mmoja wa Apolline alitoka Rutshuru na cherehani kichwani. Mwingine alibeba mlango wa nyumba, nyumba yenyewe akaiacha. Apolline alikimbia na mimba changa na karatasi mbili za maabara, kazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuzifunga kiunoni ndani ya kitenge.

Msimcheke. Karatasi zile ndizo zilizomwoza. Parokia yao haikufungisha ndoa bila vipimo vya damu, na majibu yalipotoka, Papa Kambere, baba mdogo wa mchumba wake Josias, aliyasoma mbele ya jamaa zote mbili. Ukimwi hakuna. Chini kabisa akakuta herufi mbili, AS. Akageukia karatasi ya pili: zilezile, AS.

"Muone!" alipaza sauti. "AS na AS, kama timu ya mupira! Damu yao inapatana!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwenye maabara alikuwa ameagiza wachumba warudi Jumatatu awaeleze, lakini milio ya bunduki ilikwisha kusogea, na kila mtu alitaka harusi iishe upesi. Asiyejua maana haambiwi maana. Na hiyo Jumatatu ilipofika, aliyepaswa kuwaambia alikuwa ameshavuka mpaka.

Sasa Gradi, mtoto wa mimba ile, ana miaka miwili, na wanaishi chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi huko Munigi. Vidole vimemvimba, macho yamekuwa ya manjano, na tangu juzi hana hata nguvu ya kulia. Kambini walisema ni baridi ya mawe ya volkano. Wengine walisema karogwa. Watu hawakosi la kusema. Apolline, mwenye mimba nyingine ya miezi mitano, alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya.

Muuguzi, Mama Sylvie, alimkagua mtoto macho na vidole.

"Mama Gradi, mulipimaka damu mbele ya ndoa?"

Apolline alifurahi. Hatimaye kaulizwa swali analolijua. Alifungua kitenge, akatoa mfuko.

"Tulipimaka, mama. Karatasi iko hapa. Damu yetu inapatana."

Sylvie alisoma, akavua miwani.

"Haisemi hivyo, mama. Wewe uko na nusu ya ugonjwa wa selimundu, bwana yako iko na nusu. Mutoto akichukua nusu zote mbili, anakuwa SS. Kwa watoto ine, mumoja anaweza kuzaliwa hivyo. Hii karatasi ilikuwa inawaonya."

Aibu ndiyo iliyomfika kwanza, uchungu ukafuata. Karatasi zile alizikinga na mvua kuliko alivyojikinga mwenyewe.

"Anaponaka?"

"Hapana. Na leo anahitaji damu. Damu yote ya mujini imeenda kwa wenye kupigwa risasi. Nitapigia tena hospitali." Alikuwa amekwisha kupiga mara mbili.

Apolline alishika tumbo. Kwa watoto wanne, mmoja. Akaling'ang'ania neno hilo.

"Basi Gradi amechukua nafasi ya ule mumoja. Huyu wa tumboni atakuwa muzima."

Sylvie alitamani kumdanganya, akashindwa.

"Hapana, mama. Kila mimba inaanza upya."

Wakakaa kungoja simu ambayo haikulia. Josias alifika akihema, vumbi jeusi la barabara limemjaa miguuni. Akamgusa mtoto paji la uso, kisha akaziona karatasi zimetupwa juu ya benchi, karibu na dirisha ambalo mvua ilikuwa inapenya.

"Apolline! Unaziacha hivi?"

Akazipangusa kwa shati lake. Akazikunja polepole, kwenye mikunjo yake ya zamani, akazirudisha mfukoni na kuufunga mafundo mawili. Apolline alimtazama mpaka akamaliza. Gradi alikuwa anapumua pumzi fupifupi mapajani mwake, na mama hakujua aanzie wapi kumwambia mumewe.