Gogo Mbele ya Tairi

Enzi zile za Mwingereza, ukimuuliza mtu yeyote wa kijiji cha Mdandu nani anajua kununua maksai wa kulimia, angekuonyesha nyumba ya Anania kabla hujamaliza swali. Gari ni habari nyingine. Kuhusu gari Anania alijua kwamba lina magurudumu na kwamba linanuka, basi. Hata hivyo asubuhi ile alikuwa Makambako, mbele ya pikapu kuukuu lenye bodi ya mbao.

Sababu alikuwa nayo. Mkewe, Ida, alikuwa na mimba kubwa. Mimba ya kwanza uchungu ulimshika siku ya mvua, wanaume wakamlaza kwenye machela wakashika njia ya hospitali ya Njombe. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye matope, akafa kabla hawajafika darajani. Tangu hapo Anania hakuweza kuitazama ile machela iliyoning'inia ukutani. Aliapa kwamba Ida hatabebwa tena mabegani mwa watu. Binamu yake Lameki, dereva wa lori kwenye mashamba ya miti ya miwati, alikubali kuwaendeshea gari likipatikana. Alitaka pia kuja kulikagua, lakini msimamizi wake akamnyima ruhusa, na Anania akalazimika kwenda peke yake.

Mwenye gari aliitwa Silvesta, mchuuzi wa viazi, mtu wa maneno laini.

"Kamwene, Bwana Anania. Gari hili lilikuwa la mzungu. Ukilipiga hendeli mara moja tu, linaitika."

Kweli likaitika. Lilinguruma, likatema moshi mweusi, kuku wakatawanyika. Silvesta akalizima, na Anania akaanza kufanya alichokijua. Alilizunguka. Aligonga bodi. Alipiga magoti akatazama chini ya tumbo lake. Akafunuliwa boneti, akachungulia kama anayekagua meno ya ng'ombe, na hakuelewa hata kitu kimoja. Silvesta aligeuka pembeni kuficha kicheko. Anania alimwona, akaendelea kuchungulia.

Kitu kimoja tu kilimkaa moyoni. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, pua ikitazama chini, na mbele ya tairi palikuwa na gogo la mwati, nene kama paja.

"Hili gogo la nini?"

"Mazoea tu. Asubuhi ya baridi naliondoa, gari linateremka, linawaka lenyewe."

Jibu zuri. Majibu yote ya Silvesta yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililozidi kumtisha Anania. Alimwona Ida amelala kwenye ile bodi, mlima unateremka, na yeye mumewe hajui kama alichokinunua ni uhai wake au jeneza. Akiliacha gari, machela inamngoja.

Sasa, kwa Anania maksai hakununuliwa hivi hivi. Muuzaji alisimama mbele ya pembe, mikono mgongoni, na mnunuzi akalegeza kamba. Mwenye maksai mkali hathubutu, maana anamjua wake. Anania hakuwahi kununua bila kufanyiwa hivyo, na hakuona kwa nini gari lipate upendeleo.

"Bwana Silvesta," alisema, "simama mbele yake. Mimi naondoa gogo."

"Nisimame mbele ya gari?"

"Kwetu ndivyo tunavyonunua."

Silvesta alicheka kwa sauti, akawatazama majirani waliokuwa wakinywa chai kibarazani. Nao walikuwa wakimtazama. Kicheko kikamwishia. Aliingia garini, akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, akashuka, akaenda kusimama chini ya mteremko, kifua mbele.

Anania alipiga magoti akashika gogo. Halikutikisika. Lilikuwa limebanwa na uzito wote wa gari, ingawa breki ilikuwa imevutwa. Aliinua macho. Silvesta alikuwa anatabasamu bado, ila mguu wake mmoja ulikuwa umekwisha elekea mtaroni.

Mkewe Silvesta, Getruda, alitoka nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Alipoona, aliitua chini taratibu.

"Baba Yosefu, toka hapo."

"Rudi ndani, mama."

"Uza ukitaka kuuza," alisema Getruda. "Lakini hapo usisimame."

Anania aliuogopa mkono wake mwenyewe, maana ulikuwa bado umeshika gogo, na mvuto mmoja tu ungemfanya Getruda mjane. Akaachia kidole kimoja kimoja. Kisha akasimama, akaligongomea gogo ndani zaidi kwa kisigino.

"Toka, ndugu yangu. Nimekwisha kulijua."

Silvesta alitoka pembeni akakaa juu ya jiwe.

"Kwenye tambarare halina neno," alisema kwa sauti ndogo.

"Kutoka kwetu mpaka Njombe hakuna tambarare," alijibu Anania.

Jioni alimkuta Ida ameketi kando ya barabara, kifurushi chake tayari kimefungwa.

"Liko wapi?"

Alimweleza yote, na alipofika mwisho sauti ilimkatika, akalia mbele ya mkewe bila kujificha. Gari halikuwapo, siku zilikuwa zinakaribia, na akili yake yote ya ng'ombe haikumsaidia kitu.

Ida alikisogeza kifurushi pembeni, akamkalisha kando yake.

"Kutwa nzima nimekuwa nikisikiliza mlio wa gari mlimani," alisema. "Niliogopa lisije, tena niliogopa lije. Lakini, baba, kwa nini tungoje uchungu? Leo miguu ningali nayo. Tuondoke kesho, polepole, nikakae Njombe kwa shangazi Telesia mpaka siku yangu."

Anania alifuta uso. Hofu haikumtoka, maana hata njia ile ilikuwa na matope na daraja lilelile. Aliingia ndani, akaitungua machela, akafungua kamba zake, akaukata mwanzi wake mmoja ukawa fimbo ya kimo cha Ida.

Ida aliijaribu pale pale uani, kwenye kiteremko cha zizini, akaiegemea kwa uzito wake wote. Anania alisimama chini, mbele yake, mikono mgongoni kama muuzaji wa maksai. Alikuwa anaogopa bado, wala hakusogea.