Mto Ulipopewa Kazi Kiwandani

Usiku wa jana niliota mto umeajiriwa kiwandani kwetu. Msiniulize uliingiaje. Nilimkuta mlinzi wa getini anaupekua, kama anavyotupekua sisi sote, na nguo za mlinzi zimelowa.

Kiwanda chetu kinasindika ngozi, na mimi ndiye ofisa mazingira. Maneno yale makubwa ukutani, MTO NI SEHEMU YA KAMPUNI, niliyatunga mimi, maana wakaguzi wanayapenda. Basi mto umeyasoma na umekuja kuripoti.

Kikaoni unakalia kiti changu. Bosi wetu, Bwana Mshana, anauuliza kama utakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Mto unasema unakunywa chochote, si ndivyo tulivyouzoesha. Hakuna anayecheka.

"Mama Namsifu," bosi ananiambia, "uoneshe mgeni tunavyofanya mvua ikinyesha."

Jambo lenyewe ni la aibu. Bwawa la maji machafu likijaa hatuyasafishi, dawa ni ghali. Tunangoja mvua kubwa, tunafungua koki, mto unabeba kila kitu na hakuna anayejua. Sasa niuoneshe mto wenyewe? Ni sawa na kumwelekeza jirani dirisha unalopitia kumwibia.

Tunatoka. Mlango wa kikao unafungukia jikoni kwangu. Koki ya kiwanda, ile kubwa yenye mpini mwekundu wa duara, imepachikwa juu ya sinki langu. Chini yake binti yangu Namsifu, wa darasa la pili, amekinga kikombe. Wingu zito limetanda darini.

Nauliza koki inafanya nini nyumbani kwangu.

"Mimi ni sehemu ya kampuni," mto unanijibu bila hasira. "Na wewe ni sehemu ya kampuni. Bomba wameliunganisha."

Koki inakohoa, inasema yenyewe haina ugomvi na mtu, inangoja amri tu. Tone la kwanza la mvua linaniangukia puani. Bosi anaita kutoka ndani ya friji kwamba mvua ndiyo hiyo, nifungue. Namwambia Namsifu aondoe kikombe, hasikii. Na mkono wangu, kwa mazoea yake, umeshaanza kuzungusha. Jamani, niliogopa. Sikuwahi kuuogopa mkono wangu mwenyewe.

"Mama, nina kiu," Namsifu anasema.

Bomba linaanza kunguruma. Koki inaninong'oneza, kwa adabu kabisa, kwamba kama sina hakika, mpini huwa unachomoka. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote, nikaukumbatia, nikaanguka nao.

Nikazinduka kitandani, nimelowa jasho chapachapa. Kumekucha, na mvua inapiga bati kwelikweli. Chumba cha pili Namsifu anakoroma, namshukuru Mungu. Simu inaita. Ni Bwana Mshana, anasema bwawa limejaa pomoni na mpini wa koki hauonekani, mlinzi ametafuta hadi amechoka.

"Mama Namsifu, uliuona wapi mara ya mwisho?"

Nikageuka nimjibu vizuri, ubavu ukagonga chuma. Nikafunua shuka. Rangi nyekundu, duara, bado una majimaji.

"Sijauona, bosi," nikasema, nikaulalia.