Maumivu Yaliyotoka

Mwaka tisini na tano Elina, mfamasia mzaliwa wa Njombe, alirudi nyumbani na kibali cha serikali na chupa za dawa aliyoihangaikia miaka minne. Ilitokana na bangi, lakini kile kinacholevya alikuwa amekiondoa chote. Kilichobaki kazi yake ilikuwa kutuliza maumivu na uvimbe tu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mzee Anania, mkulima wa Mahongole, aliyevimba vidole hata kikombe hashiki. Elina alimdondoshea matone matano chini ya ulimi. Baada ya saa moja mzee akakunja vidole, akavikunjua.

“Kichwa kinazunguka, baba?”

“Hata kidogo, mwanangu.” Akahesabu kutoka hamsini kurudi nyuma bila kukosea. Kisha akaonyesha kigoda kitupu karibu na mlango. “Ila maumivu hayajaisha. Yametoka tu. Yamekaa pale.”

Elina alicheka kwa adabu, akaandika: halewi.

Kesho yake alikwenda Makambako mjini kwa Mwanaheri, muuza mitumba mwenye magoti mabovu, ambaye hakumjua Anania kabisa. Naye, baada ya matone matano, alisimama bila fimbo, akatunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Halafu akashusha sauti.

“Dada, yule uliyekuja naye mbona hasalimii?”

Alikuwa akitazama juu ya robota la nguo. Hapakuwa na mtu.

Safari hii Elina hakucheka. Kwenye basi la kurudi Njombe, kiti cha pembeni yake hakikukaliwa, ingawa watu walisimama. Kila aliyekisogelea alikitazama, akasema “samahani”, akapita.

Asubuhi vidole vyake vilikuwa vimevimba na magoti yanawaka moto. Akajua maumivu hayo ni ya nani. Alifungua chupa, akainua ulimi. Mama yake, Yunisi, alikuwa hatua mbili kutoka hapo, akimenya viazi na kuimba taratibu. Elina alimtazama, akawaza maumivu yakimtoka yatakaa kwa nani, akafunga chupa.

Wakati wa mavuno Anania alimletea maharage. Alimshika mkono kwa nguvu za kijana, naye Elina akauma meno, akatabasamu.

“Jirani yangu naye anaumwa,” mzee alisema. “Mpatie hata matone mawili.”

“Imekwisha, baba,” alijibu Elina. Kabatini zilikuwamo chupa kumi na moja.