Chupa Namba Tatu Haikutemwa

Walikuwa wanaitema. Mtunza mapipa, ambaye kwa ukimya wake kazini aliitwa Kizibo, alisimama ukutani na ndoo mkononi akiwatazama wanachama wa klabu ya divai wakionja, wakisukutua, kisha pwaa, ndani ya ndoo. Mwenyekiti wao alikuwa daktari wa meno. Labda kazi ilimfuata hadi mezani.

Chupa nne za shamba lile lile, mavuno ya miaka minne, zilikuwa zimevikwa magazeti ili mtu asisome mwaka. Itakayoshinda ingepelekwa mashindanoni, na fomu ilikuwa na mstari wa jina la aliyeitengeneza. Kizibo aliuona asubuhi akifuta meza. Mtupu, mrefu, unalitosha kabisa jina la mkewe.

Namba moja, ndoo. Namba mbili, ndoo. Namba tatu, koo zikapanda na kushuka. Namba nne hakuna aliyeitaka. Daktari akachana gazeti la tatu: mwaka wa mvua.

Tajiri, mwenye shamba, akasimulia jinsi zabibu zilivyooza mashinani na jinsi alivyoziokoa kwa mikono yake hii. Mikono yenyewe laini kama mkate wa maziwa. Mwaka ule alisema zote wamwagiwe nguruwe, akawasha gari, huyoo. Waliobaki ni Kizibo na mkewe, wiki nzima wakichambua punje kwa punje, mama wa watu akinusa kila kishada hadi pua ikachubuka.

Daktari akafungua kalamu.

"Tajiri," Kizibo akasema, na vichwa vikageuka kama vimesikia kiti kikiongea, "waambie zilizooza ndani ulizijuaje."

"Kwa macho."

"Kwa nje zilikuwa nzima zote."

Tajiri akacheka peke yake. "Kamwage ndoo, mdogo wangu."

Kizibo akaitua ndoo juu ya fomu. Hakuitupa, aliitua tu, ikacheua kidogo. Akaichukua namba tatu kwa shingo, akaenda nayo jikoni, ambako mkewe alikuwa akiosha glasi.

"Wameipenda?"

"Wameimeza."

"Wameandika nani?"

Kizibo akammiminia. Mkewe akafuta povu mikononi, akanusa kwanza, kwa kirefu, kama mwaka ule, ndipo akanywa.

Ukumbini Tajiri aliita. Akaita tena.

Mkewe akasogeza glasi. "Ongeza."